Sanduku la santuri: chambua kwanza, ndipo utaje bei

Dalali anayeulizia santuri za zamani katika nyumba za Magomeni, Mwananyamala, Chang'ombe au Tandika hutaja bei ya sanduku. Hataji bei ya santuri. Mwenye nyumba, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilihamisha sanduku hilo kutoka uvunguni hadi stoo na kutoka stoo hadi uvunguni, huona ameokota fedha, na mauzo hukamilika kabla chai haijapoa. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu thamani ya sanduku la santuri haikugawanyika sawa kwa kila santuri. Chache sana ndizo zinazobeba karibu bei yote, na dalali mzoefu huzitambua kwa kutupia jicho lebo tu.

Wapo wasomaji watakaouliza kama bidhaa hii bado ina soko. Takwimu za chama cha makampuni ya kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, zinaonyesha kuwa mwaka 2022 santuri mpya zipatazo milioni 41 ziliuzwa nchini humo dhidi ya CD milioni 33, ikiwa ni mara ya kwanza kwa santuri kuzipita CD kwa idadi tangu 1987. Mwaka 2023 idadi hiyo ilifika milioni 43 na mapato yake dola bilioni 1.4. Hizo ni santuri mpya zinazotoka kiwandani, na haziihusu moja kwa moja santuri iliyokwaruzika ya Temeke. Lakini zinamweleza mfanyabiashara kuwa mashine za kupigia santuri zimerudi majumbani, na mwenye mashine hutafuta cha kupiga.

Katika hao lipo kundi dogo lisiloridhika na kinachopatikana madukani. Hawa ni wakusanyaji. Wanatafuta bendi wasizowahi kuzisikia, katika lugha ambazo pengine hawazielewi, na wanataka santuri yenyewe ya mwaka ule. Muziki wa dansi wa Tanzania na taarabu ya Pwani vimo katika orodha yao, na hilo halikuanza jana. Original Music ya Marekani ilitoa mkusanyiko ulioitwa The Tanzania Sound mwaka 1987. Africassette, nayo ya Marekani, ikatoa Sikinde ya Mlimani Park mwaka 1994. Buda Musique ya Ufaransa imetoa mfululizo wa Zanzibara, ambao toleo lake la tatu la mwaka 2007 lilikusanya nyimbo za bendi zetu za miaka ya 1960. Msikilizaji wa London akishaupenda wimbo kwenye mikusanyiko hii, hatua yake ya pili ni kuulizia santuri halisi. Na santuri halisi, kama ipo, huenda iko Keko.

KWA NINI ZETU NI ADIMU

Ugavi ndio unaoitofautisha bidhaa hii na mitumba mingine. Nguo huja kwa marobota, zikiisha zinaagizwa nyingine. Santuri ya Western Jazz ya miaka ya 1960 haitatengenezwa tena, na zilizopo hupungua kila mwaka kwa kuvunjika, kupinda na kutupwa jalalani wakati wa kuhama.

Tangu mwanzo biashara hii ilikuwa na makao yake nje. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, na santuri zile zikarudi kuuzwa mwambao mzima. Miaka ya baadaye Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro walitolewa na Mzuri, lebo ya Mombasa. Kisha Nairobi ikawa ndiyo kiwanda cha ukanda huu wote, na bendi nyingi za Tanzania zilizopata bahati ya kuwa na santuri zilifyatuliwa huko.

Nasema zilizopata bahati kwa sababu nyingi hazikuipata. Bendi ilikuwa ikirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukavuma nchi nzima, watu wakaupigia magoti kwenye vipindi vya salamu, lakini ukabaki kwenye utepe wa redio. Ndiyo maana mtu anaweza kulichakura sanduku la mzee wake akitafuta wimbo fulani wa mwaka 1982 asiuone: haukuwahi kuwa santuri.

Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Tafsiri yake kibiashara haihitaji shahada. Viwanda vilikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa, na fedha za kigeni za kuagizia anasa zilikuwa hazipatikani. Mpaka ulipofunguliwa, kaseti zilikuwa zimekwishalishika soko, kwa kuwa kaseti inarudufiwa sebuleni na santuri hairudufiwi. Kwa hiyo santuri ya bendi ya Dar es Salaam inaweza kupatikana kwa urahisi zaidi Nairobi kuliko Kinondoni, jambo linalowashangaza wauzaji wengi wa hapa.

Lipo na lile la mwaka 1969, ambapo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Ukizikuta santuri za soul zimeviringishwa gazeti la zamani chini kabisa ya sanduku, usidhani mzee alikuwa hazipendi.

UNACHOKITAFUTA

Mgawanyo wa kwanza ni wa ukubwa na mwendo. Santuri nzito, nyeusi, inayovunjika kama sahani ya udongo, ni ya mizunguko 78 kwa dakika, na ni ya zamani kuliko nyingine. Santuri ndogo ya inchi 7 ni ya mizunguko 45. Kubwa ya inchi 12, yenye kava la picha, ni LP ya mizunguko 33 na theluthi.

Wauzaji wengi huanza na LP kwa kuwa ni kubwa na zinapendeza machoni. Huko ndiko kwenye fedha ndogo. Jim Reeves aliimba katika sebule nyingi za nchi hii kuliko pengine Mzungu mwingine yeyote, na ABBA na Boney M. walifuatia, lakini santuri zao zilifyatuliwa duniani kwa mamilioni. Mnunuzi wa Ulaya anazipata kwenye duka la mitumba la mtaani kwake, zikiwa safi kuliko yako, bila kulipia posta. Zitenge. Zitauzwa, ila kwa bei ya mapambo ya ukutani.

Fedha nzuri zimo zaidi katika zile ndogo za mizunguko 45. Ndizo zilizobeba muziki wa bendi za Afrika Mashariki, mara nyingi wimbo mmoja ukikatwa katikati, maneno upande wa kwanza na magitaa yakiendelea upande wa pili. Majina ya kuangaliwa ni NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, Jamhuri na Atomic za Tanga, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Afro 70, na kwa upande wa taarabu Black Star na Lucky Star za Tanga. Jina pekee, hata hivyo, halitoshi kupandisha bei. Bendi inayojulikana sana mara nyingi ndiyo iliyouza sana, na iliyouza sana imebaki nyingi.

Mfano ni Mbaraka Mwinshehe. Alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979, na baadaye Polygram ya Nairobi ikatoa mfululizo wa LP za kumkumbuka, ulioitwa Ukumbusho. Zilinunuliwa sana Kenya na Tanzania. Mwenye LP ya Ukumbusho ana kitu kizuri cha kusikiliza, na mteja atampata bila shida, lakini asitegemee bei ya almasi. Santuri ndogo za Morogoro Jazz za mwanzoni, zilizotoka kabla Mbaraka hajawa jina la kila nyumba, ni habari nyingine. Vivyo hivyo kwa Les Wanyika: "Sina Makosa" ulipigwa kila mahali kwa sababu ulinunuliwa na kila mtu.

Kinyume chake ni Sunburst, bendi iliyoanzia Dar es Salaam mapema miaka ya 1970 na kutoa LP moja, Ave Africa, mwaka 1976. Kwa miaka arobaini ilikuwa imesahaulika na wote isipokuwa waliocheza dansi zake. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya pamoja na nyimbo nyingine za bendi hiyo. Mtu aliyekuwa na nakala ya 1976 uvunguni alikuwa amekalia mali bila kujua, na hakuna msikilizaji wa kawaida wa muziki wa dansi ambaye angemweka Sunburst juu ya Mbaraka. Bei haifuati ubora wa muziki. Inafuata idadi ya wanaotaka ikigawanywa kwa idadi ya zilizopo.

Za mizunguko 78 zinahitaji uangalifu wa peke yake. Za taarabu za HMV na Columbia ni chache mno. Zipo pia zenye namba inayoanza na herufi GV, mfululizo wa HMV ulioanza 1933 ambao ulileta muziki wa Cuba Afrika. Bendi zetu za mwanzo zilijifunzia humo, na jina la Cuban Marimba halikutoka hewani. Tatizo lake ni usafirishaji. Zikifika vipande, hakuna mauzo.

Familia zilizonunua vitu vya nyumba za Upanga au Kariakoo huweza kukuta LP za filamu za Kihindi, nyingi zikiwa zimefyatuliwa Dum Dum, Calcutta. Hizo zina wateja wao kabisa, wasioulizia Kilwa Jazz. Usizichanganye.

HALI NDIYO BEI

Baada ya jina na uchache huja hali ya santuri, na hapa ndipo mauzo mengi ya Dar es Salaam yanapokwama. Wafanyabiashara wa nje hutumia madaraja yaliyoenezwa na jarida la Marekani la Goldmine. Juu kabisa ni Mint, santuri isiyowahi kupigwa. Inayofuata ni Near Mint, karibu na mpya, ambayo ndiyo kipimo cha bei. Very Good Plus huhesabiwa kuwa na thamani ya takriban asilimia 50 ya hiyo. Very Good ya kawaida asilimia 25. Na Good, licha ya jina lake zuri, asilimia 10 hadi 15 tu. Yaani neno ambalo mwuzaji wa Tandika angelitafsiri kuwa "nzuri" ndilo ambalo mnunuzi wa Berlin analisoma kuwa "mbovu inayovumilika". Magomvi mengi ya kurudishiana fedha chanzo chake ni neno hilo.

Kagua santuri mchana, karibu na dirisha, ukiiinamisha ili mwanga upite juu yake. Mkwaruzo unaoonekana lakini haushiki kucha unaweza usisikike. Unaoshika kucha utasikika, na pengine sindano itaruka. Santuri iliyofifia na kuwa ya kijivu badala ya nyeusi imeliwa na sindano nzito, na haiponi kwa kuoshwa. Nyingi za bendi zetu ziko hivyo kwa sababu zilipigwa baa na kumbini usiku kucha na mashine ambayo hakuna aliyejali sindano yake. Lebo iliyoandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino, au kugongwa muhuri wa baa, inashusha bei kidogo; wapo wakusanyaji wachache wanaolipenda jambo hilo, lakini usilitegemee.

Kwa santuri ndogo za Nairobi, kukosa kava si msiba, maana nyingi zilitoka na karatasi ya kawaida ya kampuni. Kwa LP kava ni sehemu ya bidhaa, na lililoliwa na mchwa limeondoka na sehemu ya fedha.

Joto la nyumba ya bati huzipinda santuri zilizolazwa chali na kurundikana. Zisimamishe wima kama vitabu rafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kuosha, tumia maji yasiyo na chumvi, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri ya gari (maji, si asidi), pamoja na tone la sabuni laini na kitambaa kisichotoa nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifereji bila kulowesha lebo. Spiriti isiguse santuri ya mizunguko 78. Hiyo haikutengenezwa kwa plastiki bali kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki, na spiriti huuyeyusha.

HESABU YA SANDUKU MOJA

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Bei hizi ni za kufundishia tu. Sanduku lina santuri 100. Dalali anatoa Sh. 150,000/= taslimu, yaani Sh. 1,500/= kwa kila moja. Mwenye mali akazichambua, akakuta 55 zimekwisha kabisa na hazina mteja; 33 ni za kawaida zinazoweza kuuzwa Sh. 3,000/= kila moja; 10 ni za bendi za Afrika Mashariki zenye hali ya kuridhisha, Sh. 25,000/= kila moja; na 2 ni adimu, Sh. 120,000/= kila moja.

Za kawaida zinaleta Sh. 99,000/=, zile kumi Sh. 250,000/=, na zile mbili Sh. 240,000/=. Jumla Sh. 589,000/=. Tukitoa Sh. 60,000/= za bahasha, vifaa vya kuoshea, nauli na vifurushi vya simu, zinabaki Sh. 529,000/=. Santuri 12 kati ya 100 zimeleta zaidi ya asilimia 80 ya mauzo.

Sasa tuwe na shaka, kama mfanyabiashara anavyotakiwa. Tuseme zile 12 zimeuzwa nusu bei: baada ya gharama zinabaki Sh. 284,000/=. Tuseme mbaya zaidi, kwamba zile mbili adimu zimekutwa na ufa na hazikuuzika, na zile kumi zikaenda nusu bei: Sh. 164,000/=, karibu sawa na ofa ya dalali, na mwenye mali amehangaika miezi mitatu. Kwa hiyo dalali si lazima awe mlanguzi. Ananunua mbuzi kwenye gunia, na sehemu ya faida yake ni malipo ya hatari hiyo na ya muda wake. Mwenye ada ya shule ya kulipa kesho asubuhi anaweza kuwa sahihi kabisa kuzichukua zile Sh. 150,000/=. Kosa ni kuzichukua bila kujua anachokiacha.

Ipo njia ya katikati, na ndiyo ambayo safu hii inaipendekeza kwa wengi. Chambua, zitoe zile 12, kisha mwite dalali akadirie zilizobaki kwa jumla. Atapunguza ofa sana, na kiasi anachopunguza kitakueleza zile 12 zina thamani gani machoni pake. Hayo ni makadirio ya kitaalamu usiyoyalipia.

PA KUUZIA

Wateja wa hapa jijini ni wa aina mbili. Wenye hoteli na migahawa wanataka mapambo, hawaulizi hali, na hao ndio wa kuwapa ABBA na Jim Reeves. Wakusanyaji na wapiga muziki wa kumbi wanataka santuri inayopigika, na watakuja na mashine yao au kukuomba uwe nayo. Kuwa na mashine inayofanya kazi kunaongeza bei, kwa sababu mnunuzi anasikia anachokilipia.

Nairobi ina soko lililokomaa zaidi. Kibanda cha Real Vinyl Guru katika Kenyatta Market kimeandikwa na magazeti ya nje mara kadhaa, na wageni wanaotafuta santuri za Afrika Mashariki hupelekwa huko kwanza. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye shehena ya kutosha anaweza kuona nauli ya basi inajirudisha, lakini akumbuke kuwa huko anamuuzia mtu anayejua bei.

Kwenye intaneti soko kubwa ni Discogs, lililoanzishwa Marekani mwaka 2000. Hata asiyetaka kuuza humo anapaswa kulitumia kama daftari la bei, kwa kuwa kwa santuri nyingi linaonyesha bei ya chini, ya kati na ya juu ambazo iliwahi kuuzwa. Tazama bei zilizouzwa, achana na zinazoombwa. Kuna watu huonyeshwa kuwa santuri yao inaombewa dola 200, wakakataa kila ofa inayokuja, na hawajui kuwa bei hiyo imekaa hapo mwaka mzima bila mteja. Aidha, hakikisha unaitazama santuri ileile: linganisha lebo, namba yake, na namba iliyochongwa kwenye duara tupu karibu na lebo. Nakala iliyotolewa upya hufanana na ya zamani kwa jina na picha, na namba ndizo zinazozitofautisha.

Anayeuza humo ajue ada. Tangu 2023 Discogs hutoza mwuzaji asilimia 9, na inahesabiwa pamoja na gharama ya usafirishaji. Santuri ikiuzwa dola 40 na posta ikiwa dola 20, ada inatozwa kwenye dola 60, yaani dola 5.40. Bado kuna makato ya anayepitisha malipo. Kabla ya kuorodhesha hata moja, kuwa na njia ya uhakika ya kupokea fedha kutoka nje. Wengine hushirikiana na ndugu aliyeko Ulaya, ambaye hupokea santuri nyingi kwa mzigo mmoja na kuzituma kutoka huko. Njia hiyo pia inapunguza posta.

Katika kufunga, toa santuri nje ya kava lake ili zisafiri sambamba, maana ikibaki ndani ukingo wake hulipasua kava njiani. Ziweke kati ya maboksi mawili magumu makubwa kuliko santuri yenyewe. Santuri ndogo ina uzito wa gramu 40 hivi, LP gramu 120 hadi 180, kwa hiyo mara nyingi boksi ndilo linalozidisha uzito unaolipia. Hata hivyo boksi jepesi ni ubahili unaorudi kama dai la fidia.

Anayenunua na kuuza kwa kurudia, tofauti na mwenye nyumba anayeondoa vya kwake, anafanya biashara, na anatakiwa kuwa na namba ya mlipakodi na leseni kama mwenye duka lolote.

KILICHOUZWA NA KISICHOUZWA

Mnunuzi wa nje wakati mwingine huja na karatasi. Soma kabla ya kutia sahihi. Kuuza santuri ni kuuza kipande cha plastiki chenye mifereji. Haki ya kuutoa upya wimbo uliomo ni ya mtunzi, wanamuziki na aliyerekodi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaendelea kuilinda kazi hata baada ya mtunzi kufariki. Mwenye santuri hana haki hiyo, hivyo hawezi kuiuza, na akiandika kuwa ameiuza anajiingiza katika mgogoro na familia ya mwanamuziki ambayo huenda iko mtaa wa pili. Anayetaka kutoa upya muziki aelekezwe kwa wenye haki na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

La mwisho ni mirathi, kwa kuwa masanduku mengi huibuka baada ya arobaini. Nyumba inagombaniwa, friji linagombaniwa, na santuri anaambiwa achukue anayezitaka. Kisheria ni mali ya marehemu kama vitu vingine, na mwenye mamlaka ya kuziuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kijana anayeziuza kwa dalali akiwa peke yake nyumbani anauza fungu la dada zake, na sanduku lililoandikwa kwenye orodha ya mali kuwa "santuri chakavu, sanduku 1" linawanyima wote njia ya kujua kilichoondoka. Orodha iandikwe santuri kwa santuri: jina la bendi, lebo na namba yake, pamoja na hali. Kazi ya alasiri moja. Mnunuzi naye aombe nakala ya barua ya usimamizi na kuiambatanisha na stakabadhi, kwani santuri adimu ikishavuka mipaka hairudishwi, na warithi wakija kudai, watakaemkuta Dar es Salaam ni yeye.